Ukuta Ulikuwa Umenyooka

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukugombeza kwenye ngazi. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Lile sweta ulilomtumia linambana mikono lakini analivaa hivyo hivyo, asije akakuudhi. Binti yetu amejifungua salama, mtoto wa kike, ana sauti ya mpiga mnada. Wanasema amefanana na wewe. Nimewaambia wamwonee huruma mtoto.

Mimi nimepatikana na ugonjwa wa wakubwa. Nilikwenda kupima presha tu, wakanitoa damu, daktari akasema damu yangu imejaa mafuta, hiyo kolesteroli. Nikamwambia mimi nabeba matofali tangu ujana, hayo mafuta yamepita wapi? Akasema mafuta hayamuulizi mtu kazi yake. Amenipa vidonge, kimoja kila jioni, na amenikataza kuviacha bila kumwona. Najua wewe unavimeza siku nyingi, basi sasa tumelingana.

Lakini lililonikalisha chini kuandika ni jingine. Ni mkwe wangu. Unajua nilimfundisha uashi mimi mwenyewe, kabla hata hajamjua binti yangu. Sasa tunajenga maktaba ya shule, kuta ndefu, kazi ya kuonekana. Juzi nilisimama mwisho wa ukuta wake nikautazama kwa urefu, jicho moja nimelifumba. Ukuta umevimba katikati kama shavu la mwenye jino bovu. Nikamwita. Akatazama, akasema, "Baba, mimi naona uko sawa." Nikamwambia atazame vizuri. Akatazama tena, kisha akanitazama mimi, akanyamaza. Huko kunyamaza kuliniudhi kuliko ukuta wenyewe.

Watu waliniita Timazi kabla yeye hajazaliwa. Ile kamba yenye chuma cha kuning'inia, inayosema ukuta umesimama au umelala, ndiyo walinipa jina lake, na sikulipata kwa kuomba. Sasa nifanye nini na kijana huyu? Wewe uliongoza wauguzi, unajua kusema na walio chini yako.

Nisamehe mistari ikipanda na kushuka. Taa ya hapa mbovu.

Ndugu yako,
Timazi


1 Machi

Mdogo wangu Timazi,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikicheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Ni yule mama mpiga chapa mstaafu wa chumba cha pili, niliyekwambia anaweka taipu yake chini ya kitambaa kama maiti. Goti ni lile lile. Mpe binti yangu pongezi, na mwambie asimvalishe mtoto manguo mengi, mtoto si gunia la viazi. Wifi apunguze mshono wa mikono ya sweta, sitakasirika.

Sasa nisikilize. Barua yako niliisoma tena kwa jicho la muuguzi. Mistari yako haipandi kwa sababu ya taa. Umeruka maneno, na mahali pengine umeandika neno juu ya neno. Macho yako yana kitu, nami nakijua: ni hivyo vidonge. Mwenzangu tuliyefanya naye kazi wodini alivimeza, macho yakaingia ukungu. Mwingine kwenye kikundi chetu cha wastaafu naye vivyo hivyo. Mimi nimeviacha tangu mwaka uanze. Sikumwambia daktari, kwa sababu madaktari wa siku hizi ni vijana niliowaonyesha mimi jinsi ya kushika sindano. Tangu niviache najisikia mwepesi.

Viache na wewe. Nimekaa wodini maisha yangu yote, najua ninachosema.

Kuhusu mkwe, mwite pembeni. Usimseme mbele ya vibarua. Kazi ya mtu unaweza kuirekebisha bila kumvua nguo.

Dada yako,
Metroni


4 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Hali yetu ni nzuri, ila nyumba imepoa. Vidonge nimeviacha. Kopo zima nimelitupa shimoni, wifi yako akanuna, nikamwambia ni amri ya Metroni. Macho ya kusomea bado: neno ninalolitazama linakimbia, yanabaki ya pembeni. Ya kazi ni mazima.

Mkwe hayupo tena kwangu. Nitakueleza ilivyokuwa, ili usiisikie kwanza kwa binti yako.

Mwalimu mkuu na mkandarasi walikuja kukagua. Vibarua wote walikuwepo, na seremala wa mapaa. Nikawaonyesha ukuta wa mkwe, nikasema huu hauwezi kubeba paa. Mkwe akashuka jukwaani, akachukua pimamaji, lile lenye povu ndani ya kioo, akaliegemeza ukutani. "Baba, njoo uone povu limekaa wapi." Nikainama. Sikuliona vizuri, mwanga ulikuwa mbaya. Nikasema pimamaji lake bovu. Akaenda kuchukua la mkandarasi. Nikasema na hilo bovu.

Kibarua mmoja akacheka. Dada, kicheko kile kiliniingia vibaya. Nilichukua nyundo kubwa nikaupiga ukuta. Saruji ilikuwa haijakomaa, mistari ya juu ikaporomoka. Kisha nikamwambia, mbele yao wote: "Nilikupa binti yangu na mwiko wangu. Vyote viwili umeviharibu."

Akafuta vumbi usoni, akakusanya vifaa vyake, akaondoka.

Binti haji tena hapa. Mtoto hatumwoni. Wifi yako ananisemesha kama karani wa posta, la lazima tu.

Najua uliniambia nimwite pembeni. Usinikumbushe hilo.

Mbona hupokei simu? Nimekupigia hadi nimechoka.

Timazi


28 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Utashangaa kuona herufi za mashine. Jirani ameniazima taipu yake, nikaona nikuandikie kwa herufi kubwa, usisumbue macho. Simu yangu imeharibika, fundi anasema kifaa chake hakipatikani. Usipige.

Mimi sijambo.

Rudi kwenye vidonge vya kolesteroli. Nenda kwa daktari aliyekupa, mwambie uliviacha, na akiuliza nani alikushauri, mtaje dada yako. Usiniulize kwa nini nimebadili neno. Nenda wiki hii.

Tena nenda kwa daktari wa macho. Si duka la miwani, daktari. Mwambie hayo ya neno kukimbia. Mwambie na habari ya ukuta.

Ya mkwe nimeyasoma. Hayo nitayajibu barua ijayo.

Dada yako


23 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Anayeandika ni wifi yako, mimi nasema. Mkono wangu una malengelenge ya saruji.

(Wifi, hana malengelenge yoyote. Haoni mstari. Nimekataa kuandika uongo kwa mkono wangu mwenyewe. Amekasirika, lakini tunaendelea.)

Binti hajambo, tunasikia kwa watu. Mtoto ameota jino, nalo tumelisikia kwa watu.

Nilikwenda kwa daktari wa macho. Ni mwanamke kijana, anasema polepole. Alinipa karatasi yenye mistari, kama karatasi ya hesabu, katikati ina kitone. Akaniambia nizibe jicho moja, nitazame kitone, nimweleze naionaje mistari. Nikamwambia karatasi yako imechapwa vibaya, mistari ya katikati imepinda. Akaigeuza upande. Ikawa imepinda pale pale. Nikaomba nyingine. Akanipa. Nayo imepinda.

Akasema, "Mzee, karatasi iko sawa."

Dada, nikaiweka karatasi mezani. Nilijua papo hapo alichokuwa ananiambia, na haikuwa habari ya karatasi.

(Hapa ameichukua karatasi hii, ameisogeza pembeni ya jicho. Nimekwenda kuipua sufuria, nimerudi, bado ameishika.)

Anasema nyuma ya jicho kuna ngozi laini inayopokea picha, na yangu imechakaa pale katikati. Ni uzee. Si mtoto wa jicho, hakuna cha kutoa. Jicho la kulia halina dawa ya kulirudisha. La kushoto vimishipa vinavuja, hilo litachomwa sindano kila baada ya muda, lisiharibike zaidi. Nikamuuliza, sindano ndani ya jicho? Akasema ndiyo, na haitauma kama ninavyoiogopa. Hautanipofusha kabisa ugonjwa huu. Pembeni nitaendelea kuona: mlango, meza, mtu anayepita. Katikati ndiko kunakopotea. Herufi. Uso wa mtu. Povu la pimamaji.

Nikamuuliza habari ya vidonge. Nitasema ukweli, nilikuwa naomba avilaumu. Akasema hapana, vidonge havikuniharibu macho, macho yalishaanza zamani, mimi nikagundua tu wakati ule. Wako hata waliodhani vidonge hivyo vinaweza kuyalinda macho, lakini hakuna aliyelithibitisha hilo, na mimi nisivimeze kwa sababu hiyo. Kazi yake ni moyo na mishipa ya kichwani. Akauliza kama navuta sigara.

(Hapo nilijibu mimi.)

Akasema sigara na ugonjwa huu ni marafiki wakubwa. Nimeacha. Najaribu kuacha.

Mwishoni nilimuuliza, mtu mwenye macho kama yangu akitazama ukuta ulionyooka, anauonaje? Akasema, "Anaweza kuuona umepinda. Au umevimba katikati."

Kuna jambo sikukuandikia Aprili. Baada ya kumfukuza mkwe niliujenga ule ukuta mwenyewe. Mkandarasi aliuwekea pimamaji, akaubomoa. Alifanya hivyo nilipokuwa nimekwenda kula, ili asinione uso. Kisha akamrudisha mkwe kazini, mimi akaniambia nipumzike kidogo. Nyumbani nilisema kazi imeisha.

(Hili nalisikia leo kwa mara ya kwanza, wifi. Naandika tu.)

Kurudi nyumbani sikupita barabara ya shule. Nilizunguka kwa nyuma, kama mwizi wa kuku.

Nataka kuja kukuona. Na kwa nini ulibadili neno kuhusu vidonge? Wewe hujawahi kubadili neno tangu tukiwa watoto.

Timazi


20 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi, asante kwa mabano yako, endelea nayo.

Nimeisoma barua hiyo nikiwa nimekaa, na niliendelea kukaa. Pole sana. Sindano usizikose hata moja. Na sigara zisiwe za kujaribu.

Mimi ndiye nilikuandikia kwamba mistari yako inapanda na kushuka. Katika barua hiyo hiyo, chini kidogo, nikakufundisha jinsi ya kusema na mkwe kuhusu ukuta uliopinda. Sikuunganisha. Msichana wa mwaka wa kwanza wa uuguzi angeunganisha. Nilikuwa na haraka ya kuvisema vibaya vidonge.

Sasa mkwe. Utataka kumwita nyumbani, umkalishe jikoni, umwombe radhi wifi akiwa anapika. Usifanye hivyo. Ulimvunja mbele ya watu, nenda kwa watu wale wale. Najua ninakuagiza nini. Najua pia ni rahisi kuagiza kuliko kufanya.

Umeuliza kwa nini nilibadili neno. Mtu husoma, hujifunza. Tuliache.

Usije sasa. Chumba kinapakwa rangi, vitu vyote viko ukumbini, utalala wapi.

Dada yako


30 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto anatambaa na anakula vumbi la nyumba nzima. Ninakwambia hayo kwa sababu nimemwona mwenyewe, kwa pembe ya jicho, na nimemshika. Vidonge nimevirudia. Daktari alinisema kama mtoto wa shule, nikamtaja dada yangu kama ulivyoagiza, akatikisa kichwa akaandika. Sigara sijagusa.

Nilikwenda pale shuleni.

Wifi yako alinisindikiza hadi getini, nikakataa anishike mkono kuingia. Nilisema njia naijua. Ilikuwa wakati wa chai, wamekaa juu ya mbao. Nyuso zote ukungu mtupu. Karibu na dirisha nikaona mtu mrefu amesimama, mabega ya mkwe, kofia ya mkwe. Nikaenda nikasimama mbele yake, nikavua kofia.

Nilisema kwa sauti, wote wasikie. Nilisema ukuta ulikuwa umenyooka. Nilisema kilichopinda ni jicho langu, na kwamba hata kabla ya kujua hilo, mapimamaji mawili yalishaniambia, nikayakana yote. Nilisema lile neno juu ya binti yangu ni neno ambalo baba hasemi, na kwamba nyumbani hatulali vizuri tangu nilitamke. Nilisema mengi, dada. Nililia kidogo. Yule mtu kimya. Nikajiambia ana haki ya kukaa kimya. Nikanyoosha mkono. Hakuupokea.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Baba. Niko huku."

Nilikuwa nimemwomba radhi seremala wa mapaa.

Maskini seremala alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, hakujua akiweke wapi. Hakuna aliyecheka. Ningewashukuru kama wangecheka.

Mkwe akanishika kiwiko, akanigeuza taratibu hadi nikamwelekea. Nikamuuliza kama nianze upya.

"Hapana, Baba. Nimesikia yote."

"Umenisamehe?"

Akachukua mwiko wake. Akasema, "Saruji inakauka. Niache nimalize mstari huu." Akapanda jukwaani.

Nilisimama pale na kofia yangu mkononi hadi wifi yako alipokuja kunichukua.

Jumapili yake walikuja, yeye na binti na mtoto. Hakusema lolote kuhusu siku ile. Tangu hapo wanakuja, anakula, ananipeleka kwenye sindano, ananisubiri, ananirudisha. Kwamba amenisamehe hajasema. Barua hii anaiandika yeye, na sentensi hiyo niliyoisema sasa hivi ameiandika bila kusita.

Simu yako bado haijapona? Nakupigia kila siku.

Timazi

*

Shangazi, shikamoo. Baba amekwenda kujinyoosha, hapa naandika peke yangu.

Aliniomba nimsomee barua zako zote tangu mwanzo. Ya Machi na za kabla yake zimetiwa saini na mtu aliyesaini makaratasi maisha yake yote. Hizi za taipu chini zina alama kama ya mtu anayejifunza kushika kalamu. Yeye haoni. Mimi naona. Kazi yangu ni mistari.

Sijamwambia wala sitamwambia. Najua mtu akifunuliwa na mwingine inakuwaje. Lakini ujue anakaa na simu mkononi, na ikilia hadi kukatika anasema labda umemchoka.

Mkweo


19 Septemba

Mdogo wangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, itachukua siku kadhaa. Salamu zenu nimezipata, nanyi zipokeeni. Mkwe, ndiwe utakayesoma. Soma kama ilivyo, usimpunguzie.

Simu yangu ni nzima. Chumba hakikupakwa rangi.

Mwishoni mwa Machi nilipatwa na kiharusi. Nilikuwa nimeshika birika, nikaliona liko sakafuni, na sikujua limefikaje. Kisha nami nikawa sakafuni. Jirani alinikuta. Mdomo umekwenda upande mmoja, mkono wa kulia haushiki, mguu naukokota. Ulimi ni mzito, naongea kama mlevi. Ndiyo maana simu inalia nami naitazama tu.

Walinilaza kwenye wodi yangu. Ile niliyoiongoza. Muuguzi mmoja mdogo, hata hanijui, akaniuliza natumia dawa gani. Nikamtajia ya kolesteroli. Akauliza, unaimeza kila siku? Nikaitikia kwa kichwa. Uongo ule niliupigia kelele miaka yote kwa wagonjwa, tena kwenye vitanda vile vile, na nilipoulizwa mimi ulinitoka bila hata kuutafuta. Daktari alipoangalia damu alijua. Hakunigombeza. Alisema mtu anaweza kupatwa hata akiwa anavimeza, hawezi kuapa kwamba ni kuviacha ndiko kulikoleta hili, lakini nilikuwa nimejiondolea kinga. Akauliza nani alinishauri. Nikasema sikumbuki.

Hakuna aliyenishauri. Nilisikia maneno ya kikundi, nikayapenda, kwa sababu nilikuwa nimechoka kumeza dawa na kukumbushwa kwamba nimezeeka. Kisha nikakuandikia wewe kama vile nimeyatoa kwenye kitabu.

Nilipokuwa nimelala pale nilikuwa nakufikiria wewe na kopo lako shimoni. Sikuweza kukutumia neno. Jirani alikuja kila siku, na kila siku nilijaribu kumwambia, akadhani naomba maji. Aliponielewa ndipo ulipopata ile barua ya kwanza ya taipu. Ningeweza kukwambia yote katika barua hiyo. Sikutaka. Nilitaka abaki mtu mmoja anayeniona Metroni.

Sasa lililo baya zaidi. Uliponiandikia kwamba nyuso za watu zinakupotea, kabla sijakuhurumia nilifurahi. Nilisema moyoni, basi hata akija hatauona mdomo wangu. Ni kitu cha mara moja, kilipita, lakini kilikuwepo, na kilikuwa changu. Nimekaa nacho tangu Juni. Kukuandikia "pole sana" na kile kitu kimekaa ndani, sijui kama kuna jina lake.

Ukipiga Jumapili nitapokea. Usiweke simu kwenye spika, wengine wakasikia. Kwanza wewe peke yako.

Dada yako


6 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Leo anaandika binti. Wifi yako anakusalimu, tangu barua yako ifike analia na kukasirika kwa zamu, lakini anapanga nguo za safari. Mtoto hajambo.

Mkwe aliisoma yote, kama ulivyoagiza. Alipofika pale kwenye nyuso alisimama. Nikamwambia endelea. Akasoma hadi mwisho, akaikunja, akaniwekea mfukoni mwa shati. Binti alitaka kusema kitu, mumewe akampa mtoto amshike.

Nimelifikiria hilo la kufurahi. Nilikasirika siku mbili hivi, halafu nikakumbuka nilivyofurahi mkandarasi alipobomoa ukuta wangu nikiwa sipo, kwa sababu sikulazimika kuwepo. Sijui kama ni kitu kimoja. Nilitaka ujue nililifikiria, sikuliruka.

Kuhusu vidonge, niliviacha kwa kuwa nilitaka kuviacha. Ningeviacha hata kama angenishauri mbuzi. Uchukue sehemu yako tu, yangu niachie.

Tunakuja mwezi ujao. Mkwe ndiye aliyesema atanileta, alisema mwenyewe mezani, sikumwomba. Kwenye ngazi zako atanishika mimi, wewe jirani akushike, tutaonana katikati kama magunia mawili.

Sasa jambo ninalotaka kukuuliza. Jumapili nilipopiga ulipokea. Nilisikia pumzi yako kwanza. Ukasema jina langu la utotoni, hilo nililielewa. Baada ya hapo, dada, nilikuwa naokota neno moja moja. Niliona haya kukwambia urudie. Nilikuwa naitikia tu, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeongea na mkubwa wa ofisi. Wewe nawe nadhani ulijua, ukawa unaharakisha.

Mwishoni ulisema kitu kirefu. Kilikuwa na mawimbi, kilipanda kikashuka, nikadhani ni mzaha, kwa sababu zamani ulikuwa ukiaga hivyo, kwa mzaha. Nikacheka. Nilicheka sana, kwa furaha ya kukusikia. Nawe ukanyamaza, halafu simu ikakatika.

Kama haukuwa mzaha, nisamehe. Niandikie ulikuwa unasema nini.

Timazi